Alice Sheldon: mtoto aliyepita Katanga na treni, akawa mpelelezi na mwandikaji wa hadisi za nyota

Mu mwaka wa 1921, treni yenye kutoka Cape Town iliingia Katanga ikibeba familia moja ya Wamarekani wa Chicago. Baba alikuwa avoka, mama alikuwa mwandikaji wa vitabu, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana wa miaka 6 mwenye nywele za manjano. Safari yao ilikuwa ya kufika Bukama, mahali reli ilikuwa inaishia. Kufika kule hakukuwa njia ingine, ni paka kupita hapa kwetu, mu mji ambao wakati ule uliitwa Elisabethville na ulikuwa na miaka 11 tu tangu kuanzishwa.

Mtoto ule ni Alice Bradley. Alipokuwa mkubwa akaitwa Alice Sheldon, jina la bwana yake. Lakini watu wenye kupenda hadisi za nyota na vyombo vya anga wanamjua kwa jina ingine kabisa, tena jina la mwanaume: James Tiptree Junior. Mbele ya kuwa mwandikaji alikuwa mchoraji, mwanajeshi, mfugaji wa kuku, tena mpelelezi wa CIA.

Tunaeleza maisha yake leo juu kipande kikubwa kilianzia mu inchi yetu. Na juu maisha yale yanaleta swali ambalo wakaaji wa Haut-Katanga, Tanganyika, Kivu na Ituri wanalijua vizuri: mgeni akifika kwako na bunduki, kamera na kalamu, anaondoka na nini, na wewe unabaki na nini?

Kutoka Bukama mpaka milima ya Virunga

Alice alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 8 mwaka wa 1915. Baba yake, Herbert Bradley, alikuwa mtu wa mali na mwindaji. Mama yake, Mary Hastings Bradley, alikuwa anajulikana sana Marekani kwa vitabu vyake. Mu 1921 wote watatu walifuata msafara wa Carl Akeley, mtu wa makumbusho kubwa ya viumbe ya New York. Akeley alikuwa anatafuta gorila wa mlimani. Alitaka kuwaua wachache, kuchukua ngozi na mifupa yao, na kuwasimamisha mu makumbusho sawa vile wako wazima.

Kutoka Bukama walichukua mashua, wakashuka na Lualaba mpaka Kabalo. Kutoka Kabalo walipanda treni ingine mpaka Albertville, ni kusema Kalemie ya leo. Pale wakaingia ziwani, wakapanda Tanganyika mpaka Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Kisha ilikuwa miguu: milima, ziwa Kivu, na mwishoni Rutshuru na misheni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, chini ya Mikeno.

Msafara sawa ule haukutembea bila wapagazi. Walibeba mahema, masanduku ya chakula, bunduki, vyombo vya picha, chumvi ya kuhifadhi ngozi. Walibeba pia mtoto. Mu sehemu nyingi za njia, Alice hakukanyaga chini. Alipita Kongo juu ya mabega ya bankambo yetu, akiwa amevaa vizuri na nywele zimechanwa.

Gorila waliuawa 5. Mmoja, dume mkubwa wa Karisimbi, aliuawa na baba ya Alice, na mpaka leo anaonekana mu makumbusho ya New York. Lakini Akeley mwenyewe alibadilika roho. Aliporudi, alianza kuomba wakubwa wa Ubelgiji walinde gorila wale. Mu mwezi wa 4 mwaka wa 1925, mfalme Albert akaanzisha hifadhi yenye kubeba jina lake, ile tunayoita leo Virunga. Akeley alirudi mu 1926, akagonjwa, akafia ku mlima Mikeno, akazikwa kule.

Familia ya Bradley ilirudi Kongo mu safari yao ya 1924 na 1925, mara hii mpaka pande za Ituri, na tena mwanzo wa miaka ya 1930. Alice alikuwa anakua mu safari hizo. Shule yake ya kwanza ya dunia ilikuwa njia za Kongo.

Mtoto ndani ya kitabu cha mama

Mary Bradley hakuacha safari ile ipotee. Aliandika kitabu juu ya gorila mu 1922. Kisha mu 1927 akatoa kitabu cha watoto, Alice in Jungleland, na mu 1929 kingine, Alice in Elephantland. Mtu wa muhimu mu vitabu hivyo ni binti yake mwenyewe. Michoro mingine Alice aliifanya kwa mkono wake.

Kwa hiyo, mbele ya kufikia miaka 15, Alice alikuwa tayari anajulikana. Watu wa Chicago walijua Alice wa mu kitabu: mtoto mzuri, asiyelia, asiyesumbua, mwenye kucheza na watoto weusi bila woga. Mama yake alikuwa hodari mu kila kitu: kuwinda, kuandika, kusema mbele ya watu, kupokea wageni. Alimpenda binti yake sana. Lakini mapendo ya namna ile yalikuwa mazito kubeba. Kila kitu Alice alichotaka kufanya, mama alikuwa amekwisha kukifanya, na amekifanya vizuri.

Kutoka pale ugomvi wao haukuwa wa kelele. Ulikuwa ugomvi wa kujificha. Wazazi walimpeleka mu shule ya kulala kule Uswisi, kisha mu shule ingine pande za New York. Mwisho wa 1934, familia ilifanya karamu kubwa ya kumwonyesha mu jamii ya matajiri. Pale Alice alikutana na kijana mmoja, William Davey. Siku chache nyuma, akakimbia naye na wakaoana bila kuomba wazazi. Alikuwa na miaka 19.

Ndoa ile haikukaa. Walikuwa wanakunywa na kugombana, wakaachana mu 1941. Alice alirudi Chicago, akafanya kazi ya kuandika juu ya uchoraji mu gazeti. Wazazi walimpokea tena. Lakini alikuwa amekwisha kujifunza jambo moja lenye litarudi mara nyingi mu maisha yake: akisongwa, anatoka bila kuaga.

Kazi ya kusoma picha za adui

Marekani ilipoingia mu vita vya pili vya dunia, Alice aliingia jeshini. Ilikuwa 1942. Hakupewa bunduki, alipewa picha. Ndege zilikuwa zinapita juu ya inchi ya adui na kupiga picha, na watu sawa Alice walikuwa wanazichunguza: hii ni kiwanda ao ni shule? Kivuli hiki ni cha tanki ao cha gari la kawaida? Mtu akikosea, mabomu yanaanguka pasipofaa. Alipanda mpaka cheo cha meja, na mu wakati ule wanawake wachache sana walifika pale.

Mu 1945 alitumwa Ulaya, mu kikosi chenye kukusanya siri za elimu na silaha za Wajerumani walioshindwa. Mkubwa wa kikosi alikuwa kolonel Huntington Sheldon, mtu ambaye marafiki walimwita Ting. Walioana Paris mu mwezi wa 9 mwaka ule. Waliporudi Marekani walifuga kuku kwa miaka michache, kazi ya jasho na harufu, mbali na wakubwa.

Mu 1952 CIA ikawaita wote wawili. Ting akapewa kuongoza ofisi yenye kuandaa habari za siri ambazo wakubwa wa serikali ya Marekani walisoma kila siku. Alice akarudi ku picha na mafaili. Kazi ile haikumfurahisha. Mu 1955 akaiacha.

Wakati ule ule alimwacha pia bwana yake. Na alimwacha kwa namna ya kipelelezi: alitumia yale aliyojifunza, akachukua jina la bongo, akapata nyumba ya kupanga, akapotea. Ting hakujua ameenda wapi. Nyuma ya muda, Alice mwenyewe alimtafuta, wakasemezana, wakaamua kuanza upya. Walikaa pamoja mpaka kufa.

Hapa tuseme jambo moja kwa uangalifu, juu linagusa mji wetu. Ting alibaki ku ofisi yake mpaka 1961. Ni kusema, mu 1960, wakati Kongo ilipata uhuru, wakati Katanga ilijitenga, na mpaka Patrice Lumumba alipouawa karibu na Elisabethville tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961, ofisi ya bwana ya Alice ilikuwa moja ya mahali habari za Kongo zilikuwa zinapangwa mbele ya kupelekwa kwa wakubwa wa Washington. Ofisi ile ilikuwa ya kukusanya na kuandika habari, na Alice alikuwa ametoka CIA miaka 5 mbele. Lakini ni jambo la kufikiri: inchi ambayo bibi aliijua akiwa mtoto juu ya mabega ya watu, bwana aliijua kupitia karatasi yenye muhuri wa siri.

Jina la kopo la konfitiri

Alice alirudi shuleni akiwa mtu mzima. Mu 1967 alipata udaktari mu elimu ya akili na tabia, ku chuo kikuu cha George Washington. Alikuwa na miaka 51. Na njo mwaka ule, akiwa amechoka na mitihani, alianza kuandika hadisi fupi za nyota, namna ya kujifurahisha.

Hakutaka zitoke na jina lake. Siku moja, yeye na bwana yake wakiwa sokoni, aliona kopo la konfitiri, ile ya kupaka ku mkate, yenye chapa ya Tiptree. Akachukua jina lile. Ting akaongeza Junior. Hadisi ya kwanza ilitoka mu mwezi wa 3 mwaka wa 1968, na James Tiptree Junior akazaliwa.

Kwa karibu miaka 10, mtu yule aliishi mu sanduku la posta tu, pale McLean, mu jimbo la Virginia, karibu na makao makuu ya CIA. Hakuna mhariri aliyemwona. Hakuna aliyemsikia mu telefoni. Lakini aliandika barua nyingi sana, kwa waandikaji wakubwa sawa Ursula Le Guin, Joanna Russ na Philip Dick. Mu barua zile alisema ukweli mwingi: kwamba alikulia safarini Afrika, kwamba alikuwa jeshini, kwamba alijua kazi za serikali. Watu wakawaza: huyu ni mpelelezi, bwana mzima wa mapori na vita. Mwandikaji mmoja mkubwa, Robert Silverberg, aliandika mu 1975 kwamba anaona hadisi zile haziwezi kuwa za mwanamke. Hivi njo kazi ya mpelelezi hodari: anasema ukweli wote isipokuwa neno moja.

Hadisi zenyewe zilikuwa na nini? Kulikuwa upelelezi na diplomasia, lakini ya anga. Mu hadisi moja ya mwanzo, Mamma Come Home, watu wa ofisi ndogo ya upelelezi wanapokea wageni kutoka nyota ingine: wanawake wakubwa sana, wenye nguvu kuliko wanaume wa dunia, na ofisi inapaswa kutafuta namna ya kuwaondoa bila vita. Mu ingine, wanadamu wanapenda wageni wa anga mpaka wanapoteza akili, mali na kizazi, sawa vile watu wengi walivyoharibika mbele ya vitu vya wageni waliofika na meli. Mu The Women Men Don't See, ya 1973, mama mmoja na binti yake wanachagua kuenda na viumbe wasiowajua kuliko kubaki mu dunia yenye haiwaoni. Alipata zawadi kubwa za hadisi za namna hiyo, Hugo na Nebula, mara zaidi ya moja.

Mama anakufa, siri inatoka

Mu mwezi wa 10 mwaka wa 1976 Mary Bradley alikufa Chicago. Alice alikuwa na huzuni, akaandika kwa rafiki wa barua kwamba mama yake, mtu wa safari za Afrika, amefariki. Aliandika kwa jina la Tiptree. Wapenzi wa hadisi wakafungua magazeti ya Chicago, wakatafuta tangazo la kifo. Wakalipata. Na pale palikuwa mtoto mmoja tu aliyebaki: Alice Sheldon, mwanamke.

Mwaka wa 1977 ulianza dunia ya hadisi ikiwa imejua. Na tuangalie hili: maisha yote Alice alitafuta mahali ambapo mama yake hawezi kumwandika. Aliolewa kwa siri, aliingia jeshi, aliingia upelelezi, akajitengenezea mwanaume wa karatasi. Mwishoni, ni kifo cha mama kilichomtoa nje. Alice aliendelea kuandika, lakini alisema wazi kwa marafiki kwamba bila Tiptree, kalamu ilikuwa nzito.

Mwaka ule ule wa 1977, roketi ya kweli ilipanda kutoka Katanga, iliyokuwa inaitwa Shaba. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilikuwa imepewa na Mobutu sehemu kubwa sana pande za mto Luvua, mu jimbo la Tanganyika ya leo. Walirusha roketi tarehe 17 mwezi wa 5. Umoja wa Kisovieti na majirani wetu walilalamika kwamba pengine ni kazi ya kijeshi ao ya upelelezi. Mu 1979 mambo yote yakafungwa. Kwa hiyo mtu asiseme diplomasia na upelelezi wa anga ni mambo ya vitabu vya wazungu tu. Wazee wa pande zile waliona moshi wake.

Vitabu vya mwisho

Vitabu viwili vya mwisho wa maisha ya Alice vinatugusa sana sisi. Cha kwanza, Brightness Falls from the Air, cha 1985, kinaeleza sayari moja yenye watu wazuri, wana mabawa. Mu miili yao mnatoka maji ya thamani, na maji yale yanakuwa mazuri zaidi wakiwa mu maumivu. Wanadamu walifika, wakaanzisha biashara: wanatesa mmoja mbele ya mpendwa wake, wanakusanya maji, wanauza mbali. Baadaye serikali ya anga ikaweka walinzi wachache kulinda wale waliobaki. Hadisi inaanza wakati wageni wanafika kutazama nyota iliyolipuka, na kati yao kuna wenye majina ya bongo.

Mkongomani akisoma hivi, anafikiri mpira mwekundu wa wakati wa Leopold. Alice hakuandika neno Kongo pale. Lakini msomaji wa huku haombi mtu amwonyeshe kwa kidole.

Cha pili, The Starry Rift, cha 1986, kina hadisi tatu. Mu moja, msichana wa miaka 16 anapata chombo cha anga kwa zawadi ya wazazi, na anatoroka nacho mbali ya nyumba. Anapata urafiki na kiumbe kidogo chenye kuingia mu kichwa chake. Wanapojua kwamba urafiki ule unaweza kuua watu wengi, wanachagua wenyewe kutorudi. Kinachofika kwa baba yake ni sauti tu, iliyotiwa mu chombo cha ujumbe. Mu hadisi ingine, chombo cha uchunguzi kinavuka pengo kubwa la nyota na kukuta taifa ambalo linaogopa wanadamu. Kwa nini? Juu wanadamu wengine, wahalifu, walikwisha kupita pale mbele na kufanya ukatili. Vita viko karibu. Kinachozuia vita ni watu wachache wenye kujifunza luga ya wengine pole pole, wakikubali kwanza kwamba ubaya ule ulifanyika kweli.

Mwisho wenye uchungu

Mwisho wa Alice hatuwezi kuuficha. Ting alizeeka, akapoteza karibu macho yote. Alice alikuwa na ugonjwa wa moyo, na tangu zamani huzuni nzito ilikuwa inamrudia. Tarehe 19 mwezi wa 5 mwaka wa 1987, kule McLean, alimwua bwana yake kwa risasi, kisha akajiua. Ting alikuwa na miaka 84, yeye 71. Wamoja wanaeleza kwamba walikuwa wamepatana tangu mbele. Wengine wanauliza kama mzee asiyeona, mwenye kutegemea bibi yake kwa kila kitu, alikuwa na uhuru wa kweli wa kukubali. Mu 1991 zawadi ya hadisi ilianzishwa kwa jina la Tiptree. Mu 2019, juu ya swali lile, jina likaondolewa. Sisi tunaongeza tu hili: mtu mwenye kubeba mzigo wa namna ile, ao mwenye kuhudumia mgonjwa nyumbani mpaka anachoka roho, asibaki peke yake. Aongee na jamaa, na munganga, na jirani.

Kinachobaki huku kwetu

Familia ya Bradley iliondoka Kongo na vitu vingi: ngozi za gorila, picha, vitabu vilivyouzwa, na kumbukumbu ambazo mtoto wao alizibeba mpaka mu nyota. Huku kulibaki hifadhi ya Virunga, yenye ilianza kwa majuto ya mwindaji mmoja, na kaburi lake mlimani. Na kulibaki wapagazi. Mu picha za wakati ule wanaonekana wamesimama nyuma ya masanduku. Jina la mwenye kupiga picha tunalijua, jina la gorila wa Karisimbi linajulikana, lakini majina ya wengi wao hayakuandikwa.

Alice alitumia maisha kukataa kuandikwa na mtu mwingine, hata kama mtu yule alikuwa mama yake mwenye kumpenda. Watu waliombeba hawakupata nafasi ile ya kukataa. Kama mu familia yako, Kabalo, Kalemie, Uvira, Bukavu ao Rutshuru, kuna mzee mwenye kusikia kwa baba yake habari za kubeba mizigo ya wazungu, muketi naye, muandike jina la yule baba, kijiji chake, njia aliyopita, na kile alicholipwa. Treni ya 1921 ilipita hapa na mwandikaji ndani. Wale waliomngojea ku mwisho wa reli, hadisi yao ingali inangoja kuandikwa.